Tairi Pana, Mnyororo wa Plau

Mwaka wa mvua zile kubwa, tisini na saba kuingia tisini na nane, nilikuwa dereva wa Hiace ya tajiri mmoja wa Shinyanga mjini aliyeuza vipuri na tairi. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa palepale, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Wateja wa kutoka vijijini walilifurahia jambo hilo, mimi lilinikera. Mvua zilipoanza mapema kuliko kawaida aliniita stoo akanionyesha jozi mbili za tairi za nyuma. Moja ilikuwa nyembamba, ya kashata, yale meno ya tairi, ndefu zilizoachana, mbaya kuangalia, imekaa stoo miaka. Ya pili ilikuwa mpya, pana, inang'aa, ya kashata ndogo zilizobanana.

"Chagua," alisema. "Ila ningekuwa wewe ningechukua hizi nyembamba. Mbuga inataka tairi inayozama ikatafuta ardhi ngumu chini, halafu inatema tope. Hiyo pana itajaa udongo, nkoi, kashata zote zitaziba. Utakuwa unaendesha vipara."

Nkoi ni rafiki. Alipokuwa na hakika nitafanya ujinga ndipo aliponiita hivyo.

Nilichukua zile pana. Sababu niliyompa ilikuwa ya kitaalamu: nilikuwa nimeendesha miaka mitatu upande wa Geita, nikiwabeba watu wa kutafuta dhahabu, Katoro mpaka vijiji ambavyo hata ramani zao hazikuvijua, na tairi pana hazikuwahi kuniangusha. Ni kweli. Lakini udongo wa kule ni mwekundu, una changarawe ndani, unateleza juu tu na chini ni imara. Huku Kishapu udongo ni mweusi, ukilowa hauna chini. Nililijua hilo kama kila mtu anavyolijua, ila nilijiona nimeshavuka kiwango cha kuambiwa. Sababu ya pili sikumpa: Jumamosi nilikuwa nabeba maharusi kwa Hiace ile, na tairi pana zilipendeza.

Hapa lazima niseme habari ya mke wangu, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya gari kukwama tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne, imebaki miezi mitatu afanye mtihani wa mwisho, nilipompa mimba. Walimfukuza shule, ndiyo ilikuwa sheria. Mimi hakuna aliyenifukuza popote. Niliendelea na kazi yangu, nikamuoa, watu wakanisifu kwamba sikukimbia. Miaka saba baadaye alijiandikisha kufanya mtihani ule kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alisoma kwa koroboi mtoto akishalala, na mara nyingi niliporudi nilimkuta amesinzia juu ya daftari la hesabu. Kituo alichopangiwa kilikuwa shule moja ya sekondari upande wa mbele ya Mhunze, kwa hiyo tulimwacha mtoto kwa mama yangu, naye akaenda kukaa kwa shangazi yake jirani na shule.

Siku mbili kabla ya mtihani, gari lililopangwa kupeleka karatasi kwenye shule ile liliharibika, watu wa ofisi ya elimu wakaja kukodi Hiace ya tajiri. Kisheria nilipaswa kusema kuwa mke wangu ni mtahiniwa wa hapohapo. Nilinyamaza kimya. Ningesema wangetafuta dereva mwingine, na katika mji mzima hapakuwa na dereva mwingine niliyemwamini kupita ile mbuga wakati wa mvua. Nakumbuka kabisa nilivyojiambia maneno hayo, huku nimesimama nimeegemea tairi zangu pana.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watatu. Karatasi zilikuwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili na lakiri nyekundu. Askari polisi, mtu wa makamo asiye na maneno, alikaa nyuma mguu wake mmoja ukiwa juu ya sanduku na bunduki mapajani. Mbele pamoja nami alikaa msimamizi wa mtihani, mwalimu wa kike kutoka Bukoba, mwenye saa aliyoiangalia kila tulipopita mti. Mtihani ulikuwa uanze saa mbili. Somo la kwanza lilikuwa Hisabati, somo ambalo mke wangu aliliogopa kuliko yote.

Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Mpaka tunaingia mbugani kulikuwa kumekucha, na maji yalikuwa yametanda pande zote mbili yakionyesha mawingu. Barabara ilikuwa mifereji miwili tu iliyochimbwa na magari ya pamba. Kuendesha mbugani kuna kanuni zake: gia namba mbili, mafuta kidogo yasiyobadilika, usikanyage breki, usisimame hata ukikutana na mama yako mzazi. Nilizifuata zote. Kwa maili tatu gari lilikwenda likitingisha makalio, na nilikuwa nimeanza kutabasamu. Kisha nikasikia injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Nikaangalia kioo cha pembeni. Tairi la nyuma lilikuwa limekuwa gurudumu la udongo mtupu, jeusi, laini, hakuna hata kashata moja inayoonekana. Lilizunguka palepale kwa heshima zote, na sisi tukazama mpaka kwenye ekseli.

Saa ilikuwa moja kasoro robo. Shule ilikuwa maili tano mbele.

Nilifanya kila nilichojua. Nilipunguza upepo tairi zote mbili za nyuma. Nilimwomba askari ahamie nyuma kabisa na sanduku lake ili uzito ukae juu ya magurudumu yanayosukuma. Nilichimba kwa mikono, nikalaza mikeka ya gari, nikalaza koti langu. Gari lilikula mikeka, likala koti, likashuka inchi nyingine. Mwalimu alitoka na viatu vyake mkononi akasukuma pamoja nami, akaanguka, akainuka, akasukuma tena. Askari hakusukuma. Kazi yake ilikuwa sanduku, na hakuliacha.

"Tuko wangapi tunaojua kwamba wale watoto wanasubiri?" Mwalimu aliniuliza, tope likimtiririka kidevuni. "Fanya kitu, dereva."

Mbali kidogo kulikuwa na miji, yaani kaya za watu, moshi unaonekana, lakini ilikuwa msimu wa kulima, udongo umelainika, watu wote wako mashambani nyuma ya ng'ombe. Ukipiga honi watasema ni gari limepita. Ukienda kwa miguu kubisha mlango mmoja mmoja itakuchukua mpaka saa nne. Nilimfikiria mke wangu amekaa kwenye dawati na kalamu zake mbili. Nilikuwa nimempotezea mtihani huu mara moja. Sasa nilikuwa nampotezea mara ya pili, tena mtihani wenyewe uko ndani ya gari langu.

Nikapanda juu ya boneti, nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga mwano.

Kwa asiyejua: mwano ni ukunga wa hatari wa Wasukuma. Ng'ombe wameibwa, simba ameingia zizini, mtu ameuawa, basi mtu anapiga, na kila mwanamume mwenye nguvu anaacha alichoshika na kukimbia kuifuata sauti inakotoka, na upinde wake. Anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, kijiji hadi kijiji, bila kuuliza kuna nini. Anayeupiga bure anahukumiwa na sungusungu, jeshi la jadi la kijiji, na hawana mzaha. Mimi nililelewa mjini, lakini baba yangu alinifundisha sauti yake na akanifundisha pia kutoitumia. Nilijua ninachofanya. Sikujali.

Nilipiga mara tatu. Kisha upande wa mashariki mtu akaupokea, halafu mwingine mbali zaidi, halafu nikausikia unaondoka, unakwenda mbele kwenye njia ya Mhunze, unazidi kuwa mwembamba. Nilifurahi kusikia unavyokwenda. Akili yangu haikufika mbali zaidi ya hapo.

Walikuja mbio kutoka pande zote, wanaume zaidi ya hamsini, na pinde, mikuki, virungu, wengine wakiwa bado na fimbo za kuswagia ng'ombe. Askari aliona kundi la watu wenye silaha wanakimbilia sanduku la serikali. Akashuka, akakoki bunduki, akasimama mgongo wake ukigusa mlango wa gari.

"Asisogee mtu," alisema.

Watu wakasimama. Mishale ilikuwa tayari kwenye kamba za pinde. Nakumbuka mlio wa maji tu, na mtu mmoja anayehema. Nikaruka kutoka juu ya boneti nikasimama katikati, mikono juu, na kama kuna siku nimeogopa katika maisha yangu ni hiyo. Akatoka mbele mzee mrefu mwenye filimbi shingoni, kamanda wa sungusungu wa kijiji.

"Shikamoo mzee," nilisema.

Hakuitikia. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee."

"Ng'ombe wa nani wameibwa?"

"Hakuna. Gari limekwama."

Aliliangalia gari. Akaangalia tairi. Akawageukia watu wake, akawaambia kwa Kisukuma, polepole, ili hata waliokuwa nyuma wasikie: mtoto huyu ametupigia mwano kwa sababu ya matope. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

"Mzee, nimekosa," nilisema. "Ndani kuna mtihani wa shule. Unaanza saa mbili."

"Umekosa sana. Vijiji vitatu vimekimbia. Na huko mbele wameshaupokea, nani ataurudisha?"

Mwalimu, asiyejua Kisukuma wala mwano ni nini, alipita kati ya askari na kamanda, miguu pekupeku, saa mkononi. Akawaambia kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba saa ni moja na dakika ishirini, kwamba watoto wao wamesoma miaka minne, na kwamba yeye yuko tayari kupigwa faini pamoja na dereva mradi gari litoke. Mwanamume mmoja mfupi aliyekuwa na fimbo ya ng'ombe akasema, "Binti yangu yumo humo darasani." Akageuka akaanza kukimbia kuelekea shambani kwake.

Kamanda alimwangalia akienda. "Kazi kwanza," alisema hatimaye. "Kesi baadaye. Askari, weka chini hicho chuma, unatisha watu."

Yule mwanamume alirudi na mnyororo wa plau begani, ule mrefu unaofungwa kati ya nira na jembe, bado una udongo wa asubuhi ile. Alitaka tufunge gari kwa ng'ombe wake. Lakini ng'ombe wangetutoa shimoni tu, na mbele yetu kulikuwa na maili za mbuga ileile. Nilipouona ule mnyororo nikamkumbuka mzungu mmoja niliyemwendesha Geita, mtaalamu wa miamba kutoka nchi ya theluji. Siku moja tumekwama kidogo njia ya Katoro aliniambia kwamba kwao, wakati wa baridi, watu wanavisha tairi minyororo ili zing'ate barafu, na kwamba wana tairi za kiangazi na tairi za theluji na anayekosea kuchagua analala njiani. Nilimcheka. Nilimwambia sisi huku hatuna gari la kuvalisha mikufu.

"Baba," nilimwambia mwenye mnyororo, "nataka kuuzungusha kwenye tairi."

Aliushika kwa mikono miwili. "Ukikatika mimi silimi mwaka huu."

Aliniangalia, akaangalia tairi langu zuri lililojaa udongo, akanipa.

Tairi ni mbili, mnyororo mmoja. Wa pili uliletwa kutoka shambani kwa kamanda mwenyewe, kwa amri yake. Watu ishirini wakashika sehemu ya nyuma ya gari na kuinyanyua mzimamzima, pamoja na askari aliyekuwa amerudi ndani na kukataa kushuka na sanduku lake. Mimi nikalala topeni. Upepo niliopunguza ulisaidia, tairi zilikuwa zimelegea. Nilipitisha mnyororo kwenye matundu ya ringi, nikauzungusha juu ya tairi, nikaurudisha, mara sita, nikafunga kwa waya wa seng'enge. Upande wa pili vilevile. Mikono ilikuwa inavuja damu na sikuisikia. Saa mbili na dakika tano nilitia gia, minyororo ikang'ata, gari likapanda kutoka shimoni likiguna, na watu wale wakaliangalia likienda bila kushangilia.

"Jumamosi," kamanda alisema dirishani. "Na mbuzi."

Mwendo ulikuwa wa mtu anayekimbia. Ukizidisha, mnyororo ulipiga bodi kwa nguvu mpaka Mwalimu akaziba masikio. Lakini tulikwenda. Nilikuwa nimeanza kupumua nilipoona mtu mbele, mbali, anatujia katikati ya barabara. Anakimbia, anaanguka, anainuka. Mwanamke. Amekunja sketi magotini. Nilimjua kwa namna anavyotupa mkono wa kushoto kabla sijaiona sura, na hapo ndipo nilipoelewa mwano wangu ulikuwa umefika wapi.

Ulikuwa umefika shuleni. Watahiniwa walikuwa wameshaitwa majina na kukaa, wanasubiri karatasi. Mwano unatoka njia ya mjini, na yeye peke yake alijua, kwa salamu nilizomtumia, nani anaendesha gari linalongojwa. Mwalimu wa zamu aliwaambia abaki kila mtu mahali pake, atakayetoka ametoka kwa hiari yake. Mke wangu alisimama akatoka.

Alisimama hatua kumi mbele ya gari. Nilisimamisha. Aliniangalia kupitia kioo, kichwa, mikono, kila kitu, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka. Nikafungua mlango.

"Huyo nani?" askari aliuliza.

"Mke wangu."

Mwalimu alikuwa ameona sare. Mke wangu aliazima shati jeupe na sketi ya bluu kwa ajili ya siku ile, akasema anataka kufanya mtihani akiwa amevaa kama mwanafunzi. "Ni mtahiniwa?"

"Wa shule hiyohiyo," nilisema.

"Na hukusema," alisema Mwalimu.

"Ningesema msingenipa kazi."

"Hapandi," alisema askari. Hakusema kwa ukali. "Mtahiniwa hawezi kukaa gari moja na karatasi. Akipanda, mtihani wa shule nzima unafutwa, na wa kwake wa kwanza."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na alikuwa sahihi. Nikatoa kichwa nje nikamwambia mke wangu kwamba hawezi kupanda, karatasi ziko ndani, bado hazijafunguliwa. Hakuuliza kwa nini. Aligeuka, akaanza kukimbia kurudi alikotoka.

Barabara ilikuwa ile mifereji miwili, na yeye alikimbia ndani ya mmojawapo. Sikuweza kumpita. Nikitoka mferejini, minyororo au bila minyororo, nitazama. Kwa hiyo nilimfuata mke wangu kwa gari, namuona mgongo, namuona visigino, maili nzima. Alikuwa anachoka. Kuna mahali alishika kiuno akatembea, na mimi nikapunguza mafuta.

"Mpigie honi atupishe," Mwalimu alisema.

"Honi haifanyi kazi, Mwalimu."

Alikuwa amenisikia nikiwapigia honi ng'ombe tangu mjini. Aliangalia saa yake, kisha akaangalia nje. "Wako arobaini na kitu pale, dereva. Si yeye tu."

Mbuga iliisha kwenye mwinuko, udongo ukawa mgumu, barabara ikapanuka. Shule ilionekana, mabati yake, kama maili moja. "Sasa pita," alisema. "Na nakwambia kabisa. Tumechelewa, watu wamezagaa nje kwa sababu ya kelele zako. Bahasha ikishakatwa, haingii mtu."

Nilipita. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kufanya vingine, kuzima gari, kusingizia mnyororo umekatika. Nilifikiria yote hayo kwa muda wa pumzi moja, kisha nikamfikiria yule mtu mfupi na plau yake isiyo na mnyororo, nikakanyaga mafuta. Nilipompita, minyororo ilirusha tope, na kwenye kioo nilimuona mke wangu amesimama pembeni, mweusi kuanzia nywele mpaka kiunoni, anajifuta macho. Kisha akaanza kukimbia tena.

Tulishusha sanduku saa tatu kasoro dakika kumi. Walilipeleka darasani mbele ya watahiniwa wote. Dawati moja la mstari wa pili lilikuwa tupu, kalamu mbili juu yake. Mimi nilibaki nje, nje ya dirisha, na niliambiwa nisogee mbali nikasogea hatua tatu. Mwalimu aliita majina upya. Akafika kwenye jina lile, kimya, akaweka alama kwa penseli. Kisha akatoa ufunguo wake, akafungua kufuli ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya askari.

Askari alitia mkono mfuko wa kulia. Akautoa. Akatia wa kushoto. Akafungua vifungo vya mfuko wa kifuani, kimoja kimoja, akautazama ndani kama kisima. Akasema labda ameuacha garini. Akatoka, akanipita bila kuniangalia, akaenda garini, akainama chini ya kiti muda mrefu. Mpaka leo sijui kama ufunguo ule ulipotea kweli. Siku ile sikuthubutu kumuuliza, na baadaye sikumuona tena.

Alipokuwa ameinama hivyo ndipo mke wangu alipoingia getini.

Hakuja moja kwa moja. Pembeni ya darasa kulikuwa na pipa la maji ya mvua, na akaenda hapo. Nilimwona anachota kwa kopo, ananawa mikono. Nilitaka kupiga kelele, achana na mikono, ingia. Alinawa viganja, akanawa katikati ya vidole, akanawa kucha, taratibu, huku askari anarudi kutoka garini na ufunguo. Akanawa uso. Hakuwa na pa kufutia, shati lote lilikuwa tope, kwa hiyo aliinua mikono juu na kuikung'uta mara mbili. Kisha akatembea mpaka mlangoni. Askari alikuwa pale pale kizingitini. Akasimama kando, akamwacha apite mbele yake.

Mwalimu alimwangalia. Darasa lote lilimwangalia. "Jina," alisema Mwalimu, ingawa alilijua. Mke wangu akalitaja. Mwalimu akafuta ile alama ya penseli, na kufuli ya pili ikafunguliwa.

Alitoka saa sita. Nilikuwa nakata waya nivue minyororo niwarudishie wenyewe. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya mlango wa Hiace, tope limemkaukia, linapasuka kila akigeuza shingo.

"Nilidhani umekufa," alisema.

"Ungebaki darasani."

"Nibaki nifanye nini? Nijumlishe hesabu wewe umelala huko?"

"Niliupiga kwa ajili yako."

"Najua. Wamenieleza." Alibandua ganda la udongo mkononi. "Nilipokuona umeshika usukani, mzima, umechubuka vidole tu, ndipo hasira iliponipanda. Mtihani wote nimeufanya kwa hasira."

Nikamuuliza kwa nini alinawa, nusura anitoe roho. Akasema mikono ilikuwa inatetemeka, na asingeingia pale na mikono inayotetemeka.

Jumamosi nilipeleka mbuzi na kusimama mbele ya kijiji nikaomba msamaha. Mke wangu alikuja nami, akakaa upande wa wanawake, na kamanda aliponikaripia alitikisa kichwa kukubali kila neno. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na Hisabati ilikuwa alama yake ya juu kuliko zote. Tajiri alinibadilishia tairi bila kunisimanga, jambo lililokuwa baya zaidi.

Watu wakinisimulia habari za mapenzi yao mimi huwa nanyamaza. Nilimtoa shuleni mara ya kwanza bila kumuuliza. Mara ya pili aliusubiri mtihani ule kwa miaka saba, akakaa kwenye dawati lake, akasikia ukunga upande niliko, akaweka kalamu chini akaja. Asingesita hata kidogo, niwe nimekufa kweli au niwe mjinga tu, kama nilivyokuwa. Nikilikumbuka hilo naona aibu mpaka masikio yanawaka, na bado ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufanyiwa.